Alama ya Kuuliza

Tuliondoka Yerevan gizani, mimi na Taron,
Niva yake ikikohoa kila mwinuko,
kioo cha mbele kimeshikwa na barafu nyembamba
aliyoikwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.
"Shangazi," akasema, "leo tai wote ni wetu."
Sikumjibu. Nimefundisha kemia miaka thelathini na mmoja;
sitangazi matokeo kabla ya jaribio.

Juu, kwenye mabega ya Geghama,
nyasi zina rangi ya chai iliyochujwa mara mbili.
Wachungaji wa Kiyazidi wameng'oa mahema, wameshuka na kondoo,
wameacha miduara ya majivu
na soksi moja ya mtoto juu ya jiwe.
Upepo uliingia mikononi mwa koti
kama mwenye nyumba asiyebisha hodi.

Saa nne wakaja.
Kwanza nukta. Kisha nukta ikazaa nukta,
hadi bonde zima likajaa shakivale,
wakizunguka, wakizunguka, bila kupiga bawa,
wakipanda ngazi ya joto tusiyoiona,
na kileleni, mmoja mmoja, wakiiachia
na kuteleza kusini.
Taron alihesabu kwa sauti. Mimi nilihesabu kwa dengu:
kila ndege kumi, punje moja
kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia.
Punje arobaini na tatu.
Kisha ukungu ukafunga duka.

Bwawani ni habari nyingine.
Mwezi wa kumi maji yamekwenda kwenye mizabibu,
bwawa limerudi nyuma kama ufizi wa mzee,
mawe yamebaki nje, marefu, ya manjano.
Lakini matope ni karamu:
vitwitwi wanadonoa mbiombio kama cherehani,
yangeyange mmoja kasimama, leso iliyosahauliwa.
Hrachik, mlinzi wa lango, akatuletea jozi kwenye kofia yake.
"Bado mnamtafuta yule bata wa Norayr?"

Bata wa Norayr.
Miaka kumi na sita iliyopita, juu ya ukuta huu huu wa zege,
Norayr alishusha darubini akasema:
bata kichwa-cheupe, mkia wima kama msumari,
mdomo wa buluu.
Sisi wengine saba tuliona bata, na jua, basi.
Mdomo wa buluu, nikasema, majani yakipukutika?
Buluu ni ya msimu wa kuoa, bwana. Nenda kasome.
Wakacheka wote. Ulimi hauna mfupa;
wangu siku ile haukuwa hata na haya.
Na mimi ndiye niliyeshika daftari.
Kando ya bata wake nikaweka alama ya kuuliza,
kubwa, yenye tumbo, kama ndoana.
Hakuja tena. Sasa anauza vigae Marseille.

Saa kumi na moja jioni jua likaegemeza shavu ukingoni.
Taron alikuwa amerudi garini kutafuta glavu.
Nyuma ya vibisi kumi na mmoja
palikuwa na donge la kahawia, limelala, kichwa mgongoni.
Mkia ukasimama.
Kichwa kikainuka: sekunde mbili, labda tatu.
Cheupe. Au mwanga.
Na mdomo... sijui. Naapa sijui.
Kisha duara juu ya maji, likipanuka,
na vibisi wakilipanda bila kujali.

"Umeona nini, shangazi?"

Macho hayana pazia, husema watu.
Hawasemi kwamba hayana shahidi pia.
Nikafungua daftari: tarehe, upepo, mawingu,
shakivale mia nne na thelathini,
vibisi kumi na mmoja,
bata kichwa-cheupe, mmoja.
Kalamu ikasita pale, ikaacha kidoa.
Nikaweka alama ya kuuliza. Ndogo safari hii,
mtu angeweza kudhani ni mchubuko wa karatasi.

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikampa Taron simu.
Tafuta namba ya Marseille, nikamwambia.
Usiandike salamu, atashtuka.
Andika tu: ule mdomo,
hebu nieleze tena,
ulikuwa buluu ya namna gani?